Nilimtoa Mikono Mashindanoni

"Mikono, vua hayo mamiwani, Mama yuko mlangoni!"

"Dakika tatu!"

"Ulisema hivyo dakika kumi zilizopita!"

"Kulia! Kipanga, anakuja kulia!"

Hapo hakuwa akiongea na mimi. Mchumba wangu alikuwa amesimama katikati ya sebule yake, magoti kayakunja, nusu ya uso imefunikwa na lile dude jeusi, mikono inanyakua hewa kama mtu anayefukuza nyuki. Meza kaisukuma ukutani. Kochi kalisimamisha wima kwenye kona. Nikamsogelea kwa upole nimshike bega, nikala kofi la pua lililonitoa machozi.

"Nani huyo?" akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi, pua yangu, na mama yangu mzazi!"

"Samahani mpenzi. Dakika mbili."

Mlango ukafunguka. Mama si mtu wa kusubiri barazani. Akaingia na mkoba wake wa kutokea, shangazi nyuma yake, wote wakaganda pale pale. Mikono akaruka kushoto, akadaka kitu kisichoonekana, akapiga kelele:

"Umekwisha! Rudi kwenu!"

Mama akanivuta sikio taratibu.

"Mwanangu, ndio sisi tunaoambiwa turudi kwetu?"

Jamani, nilichoka. Nilichoka vibaya sana.

Mimi ni fundi wa lifti. Kazi yangu ni kuning'inia kwenye mashimo ya maghorofa nikihakikisha watu wanapanda na kushuka salama. Ni mtu wa vyuma na grisi, vitu vinavyoshikika. Mchumba wangu ni msusi. Jina la Mikono alilipata ujanani alipokuwa kipa wa mpira wa mikono, na hata saluni wateja wanamwita hivyo hivyo kwa sababu vidole vyake vina kasi. Tulipendana mwaka na nusu bila matatizo, mpaka mchezo wa miwani ulipoingia mjini.

Wenyewe wanauita uhalisia pepe. Unavaa miwani, unashika virungu viwili vidogo, unajikuta uwanjani. Mchezo wao unaitwa Lango. Mnacheza wawili kwa wawili, mmoja anarusha sahani za mwanga, mwenzake analinda lango. Mwanzoni watu walikuwa wakicheza kujifurahisha tu. Mara kukawa na timu, mara kukawa na waamuzi, mara duka la zamani la samani likageuzwa ukumbi wa mashindano. Na Mikono akawa mlinda lango anayeogopwa.

Mrushaji wake alikuwa huyo Kipanga. Sikuwahi kumwona, nilikuwa nikimsikia tu anavyotajwa. "Kipanga, nipo nyuma yako." "Kipanga, nakuamini, rusha." Mimi nimetengeneza bomba lake la jikoni mara nne, sijawahi kuambiwa nakuamini.

Siku ile alipovua miwani hatimaye, jasho linamtiririka, akawakuta wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki kama wako kituo cha afya.

"Shikamoo mama! Shikamoo shangazi! Jamani nisameheni, ilikuwa mechi ya mchujo. Tumepita! Tumeingia nane bora!"

"Marahaba," Mama akajibu. "Mlikuwa mnacheza na nani, binti yangu? Maana mimi nimekuona peke yako."

Shangazi akakohoa kuficha kicheko. Mimi sikuwa na cha kuficha. Nilikuwa nimenuna.

Walipoondoka nikamwambia bila kupepesa:

"Umeniaibisha."

"Nimeomba msamaha, Fundi."

"Mama ameuliza kama una akili timamu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Nikaanza kupanga vile viti vya plastiki. Akanitazama.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ni mchezo tu, utaacha tukishaoana."

Akacheka, lakini si kicheko kile ninachokipenda.

"Nani alikwambia nitaacha?"

"Mikono, una miaka thelathini na moja."

"Ndiyo. Na nane bora mpaka fainali ni siku moja, Jumamosi ya wiki ijayo, saa tano asubuhi."

Nikashika kichwa kwa mikono miwili.

"Jumamosi ya wiki ijayo ni kikao cha wazee nyumbani kwa Mama! Baba mdogo anasafiri usiku kucha kuja kupanga tarehe ya harusi yetu!"

"Kikao ni saa tano hiyo hiyo. Si kisogezwe mpaka Jumapili?"

"Wazee wasogezwe kwa ajili ya kudaka hewa?"

Akakaa kwenye ukingo wa meza, akaanza kulisugua goti lake la kushoto kama anavyofanya akichoka. Akaongea polepole.

"Sikiliza. Kila mchezaji anatakiwa aje na mlinzi wa duara. Mtu wa kusimama karibu, akikuona unatoka nje ya mstari anakugusa mgongoni usije ukajigonga. Nilitaka uwe wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

"Nisimame mbele za watu nikuchunge kama mbuzi? Wateja wangu wakiniona?"

"Basi. Nitamwomba mwenzangu wa saluni."

Akainuka, akalirudisha kochi mahali pake peke yake. Sikumsaidia. Nilikuwa bado nimenuna.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nikizungukazunguka nitashawishika kulipunguza.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilipita saluni mchana kumletea chakula. Alikuwa anampaka mteja rangi ya nywele, glovu zimelowa mpaka viganjani. Simu yake ikalia mezani.

"Fundi, nisomee huo ujumbe, mikono imejaa rangi. Namba ya siri unaijua."

Nikaifungua. Ujumbe ulikuwa huu:

"Habari Mikono. Tafadhali thibitisha ushiriki wako wa Jumamosi kabla ya saa kumi leo. Jibu NASHIRIKI au SISHIRIKI. Mratibu."

"Inasemaje?" akauliza, macho kwenye kichwa cha mteja.

Naapa sikuwa nimepanga. Mama alikuwa amenipigia asubuhi ile mara tatu. Baba mdogo alikuwa ameshakata tiketi. Na jina la Kipanga lilikuwa pale juu ya orodha ya simu zilizopigwa, mara sita.

"Matangazo tu ya mtandao," nikasema. "Wanakupa vifurushi."

"Hao nao! Hawana kazi. Futa."

Nikaandika SISHIRIKI. ASANTENI. Nikatuma. Nikafuta vyote viwili. Nikamfunulia chakula, nikamlisha matonge mawili kwa mkono wangu kwa sababu wake ulikuwa na rangi, na mteja akasema kwenye kioo, "Dada, umepata mume."

Alhamisi jioni akanipigia analia mpaka sauti inakatika.

"Fundi, wamenitoa!"

"Wamekutoaje?"

"Kipanga kapigiwa simu, eti mimi nimejitoa! Ananiuliza mbona sikumwambia. Mimi sijajitoa! Nimempigia mratibu hapokei. Orodha imeshatoka na nafasi yetu imepewa timu nyingine!"

Nikaenda kwake. Alinikumbatia mlangoni, akalilia shati langu likalowa. Mimi nikampapasa mgongo. Ndiyo, mimi huyu huyu. Nikasema, "Pole mpenzi, mitandao hii haiaminiki," na ulimi haukukatika.

Baadaye akatulia. Akajifuta uso kwa kanga.

"Unajua kwa nini nilikuwa naupenda ule mchezo?"

"Kwa nini?"

"Nilipovunjika goti nilikuwa na miaka ishirini na moja. Timu ya taifa ilikuwa imeniita wiki hiyo hiyo. Daktari akasema unaweza kutembea, unaweza kufanya kazi, lakini uwanjani usirudi. Nikasema sawa. Nikajifunza kusuka. Sikumwambia mtu kwamba kila nikiona mpira nageuza uso." Akavuta pumzi. "Mle ndani hakuna mtu anayenionea huruma. Wanaogopa lango langu."

Mwaka na nusu, na sikuwahi kumuuliza habari za lile goti. Nilikuwa nikimwona analisugua tu.

"Mwambie mama Jumamosi nitakuwepo," akasema. "Labda Mungu kaamua. Nitavaa lile gauni la bluu, si analipenda?"

Nilikuwa nimepata kila nilichokitaka. Kikao kipo, mchumba kanyenyekea, Kipanga kaondoka. Nikarudi nyumbani nikashindwa kumaliza hata kikombe cha chai.

Ijumaa asubuhi nikaenda ule ukumbi. Mafundi walikuwa wanachora maduara meupe sakafuni. Mratibu alikuwa mama mmoja mnene mwenye kalamu sikioni, anaongea na simu mbili kwa wakati mmoja. Nikasubiri amalize.

"Nimekuja kuhusu Mikono. Hakujitoa."

"Nina ujumbe hapa kutoka simu yake."

"Niliuandika mimi."

Akaichomoa kalamu sikioni.

"Wewe ni nani wake?"

"Mchumba."

"Ehe! Na asiyekuwa mchumba angefanya nini?"

Nikainamisha kichwa. Nikamuomba amrudishe, Mikono asijue kitu, mimi nitatafuta namna ya kumweleza baadaye. Mama yule akanisikiliza mpaka mwisho kisha akatikisa kichwa.

"Ile timu niliyoiingiza imeniambia asubuhi hii kwamba mmoja wao anaumwa, kwa hiyo nafasi ipo. Lakini simrudishi mtu kwa mdomo wa mtu aliyemtoa. Aje mwenyewe kesho, kabla ya saa tano, aniambie anashiriki. Na wewe ndiye utakayemwambia kwa nini anakuja."

"Mama, ataniacha."

"Hilo si la ofisi yangu, baba."

Ijumaa mchana sikumwambia. Jioni sikumwambia. Kila nikiishika simu narudi kuiweka mezani. Mpaka Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi, nikasimama kwake. Mikono alikuwa uani kakaa kwenye kigoda ndani ya gauni la bluu, kaka yake, aliyekuja kumsindikiza kikaoni, anang'arisha viatu mlangoni.

"Shemeji! Mbona mapema? Bwana harusi ana haraka!"

"Nataka kuongea na Mikono."

"Ongea tu, mimi kiziwi."

Mikono akanitazama usoni. Tabasamu likamtoka.

"Kuna nini? Mama anaumwa?"

"Hapana. Ule ujumbe wa Jumatano, ule wa saluni. Haukuwa wa mtandao. Walikuwa wanakuuliza kama unashiriki. Nikajibu hushiriki."

Brashi ya kaka yake ikasimama.

"Nilipokuwa nakulilia Alhamisi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanipapasa mgongo."

"Ndiyo."

"Ukasema mitandao haiaminiki."

"Mikono, nafasi bado ipo. Nilikwenda jana kwa mratibu. Ukifika kabla ya saa tano, unacheza."

"Jana?" Akasimama. "Unajua tangu jana, unaniambia leo saa tatu na nusu?"

Kaka yake akainuka na kiatu mkononi. "Dada, nimtoe?"

"Muache." Akaingia ndani, akatoka na begi la miwani, gauni lile lile, miguuni kavaa raba. "Gari la kazini unalo?"

"Ninalo."

"Nipeleke. Na usiongee."

Niliendesha sijaongea, yeye akimwandikia Kipanga aje ukumbini. Kwenye taa simu yangu ikaita, ipo kwenye kishikio, jina la Mama linawaka. Mikono akanyoosha kidole akaipokea mwenyewe, akaiweka sauti ya nje, akageukia dirishani.

"Mko wapi?" Mama akafoka. "Baba mdogo wako ameshafika! Chakula kinapoa!"

Hapo ningeweza kusema foleni. Ningeweza kusema Mikono ameng'ang'ania mchezo wake.

"Mama, kikao leo hakipo."

"Nini? Huyo binti kafanya nini tena?"

"Hajafanya kitu. Nilimdanganya, nikamtoa kwenye mashindano kwa simu yake, nikafuta ujumbe. Leo ndiyo nampeleka. Kosa ni langu lote, Mama. Mwombe baba mdogo radhi."

Mama akaguna: "Mimi nilizaa nini?" Akakata.

Mikono hakugeuka.

Tulifika saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Mratibu akamuuliza, "Unashiriki?" Akajibu, "Nashiriki." Mratibu akaandika. Kisha akauliza, "Mlinzi wako wa duara yuko wapi?"

Mwenzake wa saluni alishaambiwa mashindano hayapo, alikuwa kazini, vidole kwenye kichwa cha mteja. Kipanga alikuja akikimbia. Nilitamani awe na kitambi. Nilitamani awe na upara. Hakuwa na kimojawapo, alikuwa kijana mrefu mwenye meno meupe, na alinipa mkono kwa heshima kana kwamba mimi ni mtu.

"Bila mlinzi huchezi," mratibu akasema. "Sheria ni sheria."

Mikono akaangaza ukumbi mzima kabla ya macho yake kunifikia mimi. Nadhani kama pangekuwa na mwingine yeyote, hata muuza maji, angemchukua.

"Simama pale," akaniambia. "Nikivuka mstari niguse mgongo. Nisipovuka mstari usiniguse. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Watu walikuwa kama mia mbili, wamekaa kwenye safu za viti. Katikati yao nikamwona meneja wa jengo moja ninalolihudumia, akaninyooshea kidole na kumwambia mkewe kitu. Sikupata nafasi ya kuona haya. Filimbi ililia.

Juu yetu palikuwa na skrini kubwa inayoonyesha anachokiona mchezaji, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoona uwanja wake. Ulikuwa mpana, mweusi, wenye anga kubwa. Sahani za mwanga zilikuja tatu kwa mpigo, moja juu, moja chini, moja inapinda. Akazidaka mbili, ya tatu akaipangua kwa kiwiko. Ukumbi ukalipuka. Ile mikono niliyoiona sebuleni ikifukuza nyuki, kumbe ilikuwa inafanya hivi.

"Mikono, juu!" Kipanga akaita.

"Nimeiona!"

Akarudi nyuma hatua mbili. Kisigino kikavuka mstari. Nikamgusa mgongoni kwa vidole viwili. Nilidhani atashtuka. Akasogea mbele bila kupoteza hata sahani moja.

Walishinda mechi ya kwanza. Wakashinda ya pili kwa shida, goti limeanza kumsumbua, kati ya mechi na mechi nikamletea barafu akaipokea bila kunitazama. Fainali walicheza na ndugu wawili, mtu na kaka yake, wepesi kama paka. Wakawa sawasawa mpaka sahani ya mwisho. Mikono akairukia. Ikapita kwenye ncha za vidole.

Alivua miwani akabaki ameinama, gauni la bluu limelowa mgongo mzima. Watu walikuwa wamesimama wanampigia makofi yeye aliyeshindwa.

"Tumekosa moja," akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani.

"Ulidaka hamsini na nane," nikasema. "Nilihesabu."

Akakaa sakafuni, akanyoosha mguu. Nikakaa pembeni, mbali kidogo.

"Fundi, kule kwenye gari ungemwambia mama yako uongo, hata mdogo tu, ningeshuka kwenye taa na nisingerudi."

"Najua."

"Hujui. Na bado nina hasira na wewe. Si ya kuisha leo wala kesho."

"Itaisha lini?"

"Ikiisha utaambiwa. Tarehe haipangwi mpaka hapo. Na usije kwangu na zawadi."

Mlangoni pakatokea vurugu. Mama alikuwa anabishana na mkata tiketi, baba mdogo yuko nyuma yake ndani ya koti, bado na vumbi la safari. Mama akavuka ukumbi mpaka kwetu. Mimi nikasimama, akanipita kama nguzo, akamwinamia Mikono.

"Binti yangu, nimeambiwa aliyoyafanya huyu. Nimekuja kukuomba radhi. Yale maneno yangu kuhusu akili yako, nayarudisha."

"Yameisha, mama."

"Umeshinda?"

"Nimeshindwa. Kwa moja."

"Kwa moja?" Mama akageuka, akawatazama wale waamuzi. "Na hao walikuwa wanaangalia wapi?"

Mikono akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikuthubutu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Salamu alijibu, simu alipokea, saluni nilikaribishwa kiti kama mteja mwenye ndevu. Mara tatu alinipigia: "Jumamosi kuna mechi, nahitaji mlinzi." Nikaenda mara zote tatu, nikasimama pale pale, nikagusa inapobidi. Mara nyingine njia nzima hatukuzungumza. Siku moja njiani nikamuuliza habari za goti lake, akanisimulia tangu mwanzo mpaka tukapitiliza nyumba yake bila kuona.

Hasira iliisha wiki ya tisa, siku ya Jumanne. Nilikuwa juu ya paa la lifti, ghorofa ya saba, mikono imejaa grisi. Simu ikaita, nikaibonyeza kwa kiwiko.

"Fundi, tarehe ishirini na tatu mwezi ujao una kazi?"

"Kazi gani?"

"Nakuuliza unayo au huna?"

"Sina."

"Basi usichukue nyingine siku hiyo," akasema. "Unaoa."